UZI: Kanisa la udongo la kijijini Muheza, picha za pembe zilezile kutoka masika mpaka masika

Kiambaza_TA (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Natafuta ushauri wa kazi ya mwaka mzima, kwa hiyo naweka vipimo vyote hapa mwanzo ili tusiulizane mara mbili.

Kanisa liko kijijini, wilaya ya Muheza, katikati ya michungwa. Limejengwa kwa matofali mabichi ya udongo mwekundu, hayakuchomwa. Urefu mita 14, upana mita 8. Kuta ndefu za pembeni zina kimo cha mita 2.7, na ncha ya paa upande wa mbele iko mita 5.5. Mlango unatazama magharibi, altare iko mashariki, kwa hiyo kuta ndefu ni ya kaskazini na ya kusini. Paa ni mabati ya zamani, upenu umetoka sentimita 60, na hakuna mfereji wa kupokea maji ya mvua. Kuta zimekandikwa udongo kisha zikapakwa chokaa, isipokuwa kipande cha ukuta wa kusini kilichopigwa lipu ya saruji. Pembeni kuna mwembe, nyuma kuna msufi mrefu.

Ninachotaka ni mfululizo: mtu akizipanga picha pamoja aone ukuta unavyolowa, unavyokauka, unavyoliwa na maji na unavyokandikwa upya. Picha moja moja za kupendeza zitakuja zenyewe.

Kamera ina sensa (kihisi cha mwanga) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ni ya milimita 35, tripodi ipo. Maswali: nisimame wapi, saa ngapi, rangi ya udongo niidhibiti vipi, na mvua ya masika niikabili vipi?

FundiLenzi

Kaka, umeanza vizuri kwa kuweka vipimo. Mimi nitajibu la kusimama tu.

Kazi ya namna hii huharibika kwa sababu moja kuu: mpiga picha hurudi "mahali palepale" kwa macho, akakosea nusu mita. Nusu mita ukiwa mita 15 kutoka ukutani inatosha kuhamisha mwembe wote nyuma ya kona ya jengo, na hapo huwezi tena kulinganisha kitu.

Chukua nondo ya milimita 12, kipande cha sentimita 50. Igongomee ardhini hadi kichwa kizame sentimita 5 chini ya udongo, maana ikibaki juu fyekeo litaigonga au mtoto atajikwaa. Ukishaizika, pima kwa tepu kutoka kichwa cha nondo hadi kona mbili za jengo na uandike, kwa mfano mita 15.20 na mita 17.85. Hata majani yakiota kifuani wakati wa masika, tepu mbili zikikutana zinakuonyesha nondo ilipo. Fanya hivyo kwa kila pembe.

Juu ya nondo weka tripodi, ning'iniza timazi katikati yake mpaka ncha iguse kichwa cha nondo. Kimo cha lenzi kiwe sentimita 150 kutoka kwenye nondo yenyewe, si kutoka kwenye majani. Kisha tumia pimamaji: kamera ikae sawa kabisa, usiiinamishe wala kuiinua. Ukiinua kamera kidogo tu ili upate msalaba wa juu, kuta zitaonekana zinaegemeana kama zinaanguka, na kwenye jengo la udongo hiyo ni taarifa ya uongo.

Hesabu inakubali. Lenzi ya 35 kwenye sensa yako, ukiwa mita 15, inachukua upana wa mita 15.4 na kimo cha mita 10.3. Nusu ya kimo iko juu ya lenzi, yaani mita 5.1, ongeza 1.5 ya tripodi unapata 6.6. Ncha yako ya mita 5.5 inaingia na nafasi inabaki. Chini utapata uwanja mwingi, huo utaukata baadaye.

Halafu kuna hakikisho la mwisho ambalo linashinda tepu. Kwenye picha ya kwanza tafuta kitu cha karibu kinachogusa kitu cha mbali: ukingo wa upenu unakata shina la msufi kwenye tawi fulani, kona ya mlango inapita kwenye nguzo ya nyuma. Chapisha picha hiyo ukubwa wa nusu karatasi, ifunike plastiki, iwe ndani ya begi siku zote. Ukirudi, sogeza tripodi mpaka vile vitu viwili vigusane kama kwenye karatasi. Vikigusana, umesimama palepale. Visipogusana, hata timazi ikisema ndiyo, tripodi imekosewa.

Bint_Sahare

Naongezea la jua, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotumia mwongozo usio wa kwetu.

Maandishi mengi ya kupiga picha majengo ya udongo yanatoka New Mexico, Marekani. Kule wako nyuzi 36 kaskazini mwa ikweta. Jua lao la mchana haliendi kaskazini hata siku moja, na Desemba saa sita linafika nyuzi 30 tu juu ya upeo. Ukuta wa kusini kwao una mwanga wa mchana mwaka mzima. Tanga tuko nyuzi 5 kusini. Jua linatupita utosini mara mbili, karibu tarehe 7 au 8 Machi na tarehe 5 au 6 Oktoba. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba linaangaza ukuta wako wa kaskazini, na ule wa kusini uko kivulini. Kuanzia wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi inakuwa kinyume. Ukitaka picha ya ukuta wa kusini wenye mwanga, ukaenda Julai, utarudi na kivuli.

Jambo zuri kwa jengo lako ni hili: Juni jua linapita ukuta wa kaskazini kwa kuuparaza, si kuupiga usoni. Kutoka asubuhi hadi jioni pembe kati ya mwale na ukuta inabaki kati ya nyuzi 23 na 28. Asubuhi unaparazwa kutoka mashariki, mchana kutoka juu, jioni kutoka magharibi. Mwanga wa kuparaza ndio unaotoa kila alama ya kiganja cha mkandikaji, kila ufa, kila tundu la mdudu. Ukuta wa kusini unapata hali hiyo Desemba, nyuzi 18 hadi 23. Kwa hiyo Juni na Desemba ni miezi yako mikuu, kila mmoja kwa ukuta wake.

Ukuta wa mbele, wa magharibi, uko tofauti. Jioni jua linaupiga usoni, rangi inakuwa tamu lakini alama zinapotea. Ukitaka alama piga saa mbili baada ya jua kupinduka, yaani kuvuka kilele chake cha mchana. Ukitaka rangi subiri jioni. Ningepiga zote mbili kila mwezi.

Kiambaza_TA

Ahsante dada. Sasa nikiweka saa moja isiyobadilika, tuseme saa 2:30 asubuhi kila ziara, si inatosha?

Bint_Sahare

Haitoshi. Saa ya ukutani na jua haviendi pamoja. Hapa Tanga mwanzoni mwa Novemba jua linapinduka saa 6:07 mchana, katikati ya Februari saa 6:38. Tofauti ni dakika 31, na jua linatembea nyuzi 1 kwa dakika 4, kwa hiyo ni karibu nyuzi 8. Kwenye mwanga wa kuparaza nyuzi 8 zinabadilisha vivuli kabisa, na mtazamaji atadhani ukuta ndio umebadilika.

Panga kwa saa kabla au baada ya jua kupinduka. Njia rahisi ipo kwenye kila msikiti: kalenda ya swala ya Tanga. Adhuhuri inaingia jua likishapinduka, na kalenda inafuata jua siku kwa siku. Soma wakati wa Adhuhuri wa siku hiyo, hesabu saa nne nyuma, hapo ndipo unapobonyeza. Kalenda nyingine huongeza dakika chache za tahadhari, ila ukitumia kalenda moja mwaka mzima kosa linakuwa lilelile na halikusumbui.

mpigapicha_wa_Amboni

Dada yangu hesabu ni safi, lakini mmeusahau upenu. Sentimita 60 si kidogo.

Jua likiwa juu sana, kivuli cha upenu kinashuka ukutani. Juni saa ya jua kupinduka, kivuli kwenye ukuta wa kaskazini kinafika sentimita 110 kutoka juu. Saa nne kabla ya hapo kinakuwa sentimita 58 tu. Desemba kwa ukuta wa kusini ni zaidi: mchana kivuli ni sentimita 180, unabaki na mkanda wa sentimita 90 chini wenye mwanga, na saa nne kabla yake kinapanda hadi sentimita 83. Na zile siku za jua la utosi za Machi na Oktoba, mchana kuta zote mbili zinazama kivulini kuanzia juu hadi chini.

Kwa hiyo hizo saa nne kabla ya jua kupinduka zinafaa kwa kuta zote mbili. Juni inakuja karibu saa 2:25 asubuhi, Desemba karibu saa 2:22. Ukichelewa hadi saa 5 umeshapoteza sehemu ya juu ya ukuta, ambako ndiko maji ya bati lililotoboka huacha michirizi.

Kivuli kikiwa kikali, usijaribu kukifungua kwa kompyuta. Piga mara tatu ukiacha hatua mbili za mwanga (kila hatua ni mwanga maradufu) kati ya picha na picha, uchague au uziunganishe.

MzeeChokaa_Pangani

Vijana wangu, hamjambo. Mimi kamera si fani yangu, kuta ndizo fani yangu. Naomba niseme nini kipigwe, maana mtu asiyejua ukuta unaumwa wapi atapiga picha ya mahali palipo pazima.

Anza chini. Kanisa lisilo na mfereji linaliwa na maji yake lenyewe. Maji yanadondoka kutoka upenuni, yanachimba mstari ardhini, na matone yanarukia ukuta hadi sentimita 30 au 40. Hapo chokaa huondoka kwanza, halafu udongo, halafu tofali lenyewe linaingia ndani kama limelambwa. Mwezi wa tano utaona mkanda huo umekuwa mwekundu wakati juu bado peupe. Simamisha fimbo ya vipimo hapo. Bomba la plastiki la mita 2, lipake nyekundu na nyeupe kila sentimita 20, liguse ukuta kila ziara mahali palepale. Bila fimbo picha haisemi umeliwa kiasi gani.

Kuna unyevu mwingine unaotoka ardhini. Maji hupanda tofalini kama mafuta kwenye utambi. Masika mstari wa giza unapanda, kipupwe unashuka, na mstari huo ni jambo zuri mno kulionyesha kwa mfululizo wako. Ukibaki palepale hata mwezi wa nane, basi maji hayatoki kwenye mvua peke yake, tafuta mahali udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu.

Nyufa ni za aina mbili. Zile ndogo ndogo zilizosambaa kama wavu ni udongo uliokauka haraka au wenye mfinyanzi mwingi, haziangushi jengo. Ufa unaoanza kona ya dirisha ukapanda mshazari, ukifuata ngazi za matofali, huo ni msingi au ukuta unaosogea. Huo upige karibu, rula ikiwa kando, kila ziara. Mchwa nao huacha vijia vya udongo vinavyopanda kuelekea kwenye kenchi. Vijia vipya vina rangi ya giza, vya zamani vimepauka. Usivibandue kabla ya picha.

Na kipande cha saruji, mwanangu, kipe pembe yake peke yake. Udongo unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, saruji hainyumbuliki. Inapasuka kidogo, maji yanaingia kwenye ufa, hayapati njia ya kutoka, tofali nyuma linageuka tope huku lipu ikionekana nzima. Siku moja linashuka bamba zima. Hata hao wa New Mexico waliyaona: kanisa la San Francisco de Asís pale Ranchos de Taos, la udongo, lilipigwa lipu ngumu mwaka 1967, unyevu ukanasa ndani, wakaja kuibandua mwaka 1979 na kurudia udongo. Mpaka leo waumini wanalikandika kila mwaka. Gonga kwa kidole kilichokunjwa: palipoachana na ukuta pana sauti ya debe tupu. Usichore ukutani, chora mipaka ya sauti hiyo juu ya nakala ya picha uliyochapisha, kila ziara. Utaona inavyotanuka.

Kiambaza_TA

Shikamoo mzee. Hili la kugonga na kuchora kwenye nakala nalichukua lilivyo. Nauliza moja: wakati wa kukandika upya nipige nini?

MzeeChokaa_Pangani

Marahaba. Hukandikwa mvua ikishapita, Juni hadi Septemba, udongo upate siku za kukauka taratibu. Piga siku moja kabla, ukuta ukiwa umekwanguliwa. Piga tabaka la kwanza likiwa bichi, kisha likiwa limekauka, maana nyufa za wavu hutoka hapo na hujazwa na tabaka la pili. Piga lundo la udongo, mchanga, majani yaliyokatwakatwa na kinyesi cha ng'ombe kabla ya kuchanganywa, na uandike ndoo ngapi za kila kitu. Chokaa huja mwisho, nyembamba, mikono mitatu minne. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi hauonekani mweupe, unakuwa kijivu, weupe unakuja ukikauka. Asiyejua atadhani kamera imekosea.

FundiLenzi

Hapo mzee ameingia kwenye rangi, ngoja nimalizie.

Zima mizani ya weupe ya kiotomatiki, ile inayosahihisha rangi ya mwanga. Kamera ikiona ukuta mwekundu umejaa fremu inadhani mwanga ndio mwekundu, inaongeza bluu, na udongo wa Muheza unatoka kama udongo wa mahali pengine. Iweke kelvini 5,300, isibadilike Januari wala Desemba. Fremu ya kwanza ya kila pembe msaidizi ashike kadi ya kijivu mbele ya ukuta, upande uleule wa mwanga. Fremu ya pili bila kadi. Hifadhi faili ghafi (RAW), si picha iliyokwisha kubanwa na kamera.

Apacha (tundu la lenzi) f/8, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100 au 200, fokasi kwa mkono kisha ibandike utepe isiguswe. Ukuta wa chokaa ukijaa fremu, kamera huufanya kijivu, ongeza hatua 1 hadi 1 na theluthi. Lakini angalia histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) upande wa kulia kwanza, kwa sababu bati likiwekwa jipya huungua kabla ya chokaa. Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, haitakusaidia kwenye mng'ao wa bati: mwanga unaorudishwa na chuma kitupu hauzuiliki na filta hiyo. Inafaa kwa majani yaliyolowa. Kwa ukuta uliolowa usiitumie kabisa, maana ule mng'ao ndio ushahidi wa maji.

mpigapicha_wa_Amboni

Masika sasa. Watu hukwepa mvua na kuja jua likitoka, wakakosa sura muhimu kuliko zote.

Mvua haionekani kwenye picha ikiwa nyuma yake kuna ukuta mweupe au anga. Inaonekana ikiwa nyuma yake kuna giza: mlango ulio wazi, kivuli cha mwembe. Shata (muda kamera inaofunguka) ya sekunde 1/125 hadi 1/250 inatoa matone kama vistari vifupi. 1/30 inatoa nyuzi ndefu, na maji ya upenuni yanakuwa pazia. Ukitaka kuonyesha matone yanavyorukia ukuta, shuka chini, lenzi iwe sentimita 40 kutoka ardhini, shata 1/500, ISO ipande mpaka 1600, hakuna tatizo.

Mwavuli mkubwa juu ya tripodi, mfuko wa plastiki juu ya kamera umefungwa kwa raba kwenye ukingo wa lenzi. Kinga ya mbele ya lenzi isikosekane. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi usifungue begi hapo hapo: vioo vya baridi vikikutana na hewa ya Muheza ya mwezi wa nne vinaingia ukungu ndani kwa ndani. Acha begi limefungwa dakika 30.

Na kuvu ya lenzi ndiyo hasara kubwa kwetu huku. Weka lenzi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vifuko vya silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) vinavyobadilika rangi. Vikibadilika, vimimine kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo mpaka rangi irudi. Mchele usiutumie, unaacha vumbi la wanga, na kuvu inakula wanga. Weka na kipima unyevu cha bei ndogo ndani ya ndoo, lengo ni asilimia 40 hadi 50.

Misimu mingine haina mengi. Kipupwe upepo wa kusi unaleta mawingu madogo meupe kutoka baharini, mwanga unakuja na kuondoka, subiri wazi. Januari na Februari anga ina utusitusi wa joto na moshi wa mashamba, kwa hiyo kata anga, piga ukuta. Novemba na Desemba, ukipata mkrismasi uliochanua karibu na kanisa, wekundu wa maua dhidi ya chokaa unataka kipimo cha mwanga kipunguzwe theluthi moja au mbili, la sivyo maua yanakuwa doa lisilo na petali.

Jahazi_Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo. Njia hii naona inafaa hata kwa kanisa kongwe la misheni huku, lile la mwaka 1872 lenye mnara ambako mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Tofauti ni kwamba kuta za huku ni mawe ya matumbawe na chokaa. Haziliwi na mvua kama udongo, zinaliwa na chumvi. Chumvi hutoka kama unga mweupe wakati wa kiangazi, ukuta unapokauka, kwa hiyo mwezi wa kuangalia ni Februari. Jua la utosi kwetu ni karibu tarehe 4 Machi na 9 Oktoba, tuko kusini zaidi kidogo.

Tahadhari kwa wa pwani: kioo kikipata mvuke wa bahari usikifute kikavu. Chumvi ni mchanga, inakwaruza. Lowesha kitambaa kwa maji safi kwanza, kisha kikavu.

Bint_Sahare

Nasi tusisahau ndani. Dirisha la altare likiwa mashariki barabara, jua likichomoza linaingia likinyooka katikati ya kanisa karibu tarehe 20 Machi na 23 Septemba. Ya Machi huangukia Kwaresima au karibu na Pasaka. Juni mwale huo unaangukia ukuta wa kusini, Desemba ukuta wa kaskazini. Picha tatu kutoka mlangoni, mwale ukihama ukutani, zinaonyesha mwaka bila mtazamaji kuambiwa. Una dakika 20 hivi tangu jua litoke, kwa sababu huku linapanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa.

Kuhakikisha kama jengo limeelekea mashariki kweli, usiamini dira ya simu ukiwa chini ya mabati. Simamisha kijiti uwanjani, weka alama kwenye ncha ya kivuli saa mbili kabla ya jua kupinduka na saa mbili baada yake, unganisha alama: mstari huo ni mashariki na magharibi.

Kwa picha za kawaida za ndani chagua siku ya mawingu mazito. Siku ya jua tofauti kati ya dirisha na pembe za giza ni kubwa mno. Tripodi, f/8, ISO 200, shata sekunde 1 hadi 8, picha tano kwa hatua mbili mbili.

Korogwe_Kwetu

Mimi nina simu tu. Nifuate uzi au nikae pembeni?

FundiLenzi

Fuata, kaka. Tumia lenzi kuu ya simu, ile pana zaidi inapinda kuta. Ingia modi ya mkono, zima uchanganyaji wa picha wa kiotomatiki, funga fokasi na mwanga kwa kubonyeza kwa muda mrefu. Kishikizo cha simu juu ya tripodi, timazi ileile, nondo ileile. Ukiwa mita 15 utapata upana wa karibu mita 20, unakata. Na safisha kioo, alama ya kidole ikipigwa na jua la pembeni inafunika ukuta wote kwa utando.

Jahazi_Bagamoyo

La ruhusa: anza na katekista na wazee wa kanisa, kisha paroko au mchungaji, na mwenyekiti wa kijiji ajue kuna mtu anazika nondo kiwanjani. Ibada isipigwe bila kukubaliwa, makaburi vilevile. Droni ina vibali vyake, TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) kwanza, na kwa kazi hii haihitajiki.

Jengo la namna hii kwa kawaida halilindwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, yaliyo baada ya hapo mpaka yatangazwe. Kwa hiyo seti moja ya picha zilizochapishwa ibaki parokiani, na tarehe na vipimo viandikwe nyuma kwa penseli, siyo kalamu ya wino.

Kiambaza_TA

Nimeelewa. Pembe nne, fremu tatu kila pembe, ziara 12: fremu 144, kwa faili za megabaiti 28 ni kama gigabaiti 4. Nakala tatu, moja haikai nyumbani. Majina ya faili yataanza na mwaka, mwezi, siku, kisha namba ya pembe, kisha saa ngapi kabla au baada ya jua kupinduka. Ziara za ziada Juni na Desemba kwa kuta ndefu, Machi na Septemba alfajiri kwa ndani, na moja siku ya mvua kubwa. Nitaanza mwanzoni mwa Machi kabla masika hayajashika.

MzeeChokaa_Pangani

Anza mapema zaidi ukiweza, mwanangu, ukuta ukiwa umekauka kabisa, mwezi wa pili. Na kabla hujazika nondo waulize wazee wa kanisa wamepanga kukandika lini. Wakikwambia mwezi wa saba, ziara ya mwezi wa sita usiikose kwa hali yoyote, maana wakishakwangua, kila ufa ulioufuata tangu masika unafunikwa, na picha hiyo haipatikani tena.

Kiambaza_TA

Nawapigia kesho asubuhi.